Nilihama otoekole (shule ya udereva) katikati ya mafunzo, kwa sababu ya milima

Tangu nibadilishe otoekole watu hawaachi kuniuliza, hasa wale wanaojifunza sasa hivi na roho zao hazijatulia, eti ulishalipa pesa yako, ulishaanza kushika volani (usukani), sasa ulitoka kwa nini? Leo nimekaa niandike yote, juu kila mara naelezea vipandevipande njiani na mtu anaondoka na nusu ya habari.

Jibu lenyewe ni fupi: kule nilikoanzia hawakunifundisha kupandisha gari mlimani. Na tuko Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mtu anayejua kuendesha mahali pa sawa tu, hapa ataendesha wapi? Maji ya ziwa Kivu yenyewe yako mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka hapo mji unapanda tu, Kadutu unapanda, ukitoka Labotte kurudi mjini unapanda, na hata penye unaona barabara imelala kuko kateremko ambako hukaoni mpaka siku unasimama nyuma ya lori na gari inaanza kurudi nyuma polepole.

Otoekole ya kwanza niliichagua vile wengi wanachagua: iko karibu na nyumbani, bei iko chini, na mtoto wa jirani alichukulia breve yake (cheti cha kumaliza mafunzo) pale. Jina sitalitaja na naomba msinisukume nilitaje, juu papa mwenye shule ni mtu wa heshima, tunaonana misibani na kanisani, na kuko vitu vizuri nilivyopata kwake. Mwalimu wa kodi, yaani sheria za barabara, alikuwa hodari kabisa. Alikuwa anachora karifuri (njia panda) kwa chaki juu ya meza, anachukua vifuniko vya chupa, cha njano ni wewe, chekundu ni taksi, cheupe ni motari (mtu wa pikipiki), halafu anavisogeza na kukuuliza nani anapita wa kwanza, na ukikosea anavirudisha vyote mwanzo bila kukasirika. Kwake njo nilielewa mambo ya kumpa njia anayetoka kuume, kitu ambacho kimo mu sheria yetu ya barabara, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo watu wanaiendesha kila siku bila kuwahi kuifungua.

Shida ilianza siku tulipoingia mu gari. Tulikuwa wanafunzi wanne na monitere, mwalimu wa gari, wa tano. Mmoja anaendesha, watatu wako nyuma wanangojea zamu. Saa uliyolipia ukiigawa kwa wanne inabaki robo saa, na mu hiyo robo utoe muda wa kubadilishana viti, kuvuta kiti mbele, kurekebisha retrovizeri (kioo cha kuonea nyuma), kufunga mshipi, sasa nambie unabaki na nini. Na tulikuwa tunazunguka tu mu kiwanja kimoja, vitesi (gia) ya kwanza, ya pili, geuza, rudi. Sikatai, kila mtu anaanzia mahali pa sawa. Ila wiki zilipita na sisi tuko pale pale mu kiwanja.

Siku tulipotoka barabarani nilifurahi sana. Tukafika chini ya mlima wa kwenda Kadutu, volani iko mikononi mwangu, monitere akaniambia, "Simama hapa, mama. Shuka, nitapandisha miye, utaendelea kule juu." Nikashuka, nikazunguka upande wa pili, akapandisha, tukafika penye barabara inalala, nikarudi kwenye kiti. Nikawaza ni siku moja tu, juu mvua ilikuwa imetoka kunyesha na njia ilikuwa inateleza. Lakini ikawa desturi. Jua liwake, mvua inyeshe, kila tukifika kwenye mlima tunabadilishana viti. Nikamuuliza kwa adabu, "Papa monitere, sisi tutapandisha lini?" Akanijibu, "Ile mtajifunza na gari zenu nyumbani. Hii ambreyaje mukiichoma, nani atalipa?" Ambreyaje ni klachi.

Nilimuelewa, na hadi leo namuelewa. Ambreyaje ya gari ya shule inateseka, mikono mipya inaisugua kutwa, na kuibadilisha ni pesa ya kweli. Ila fikiria basi: kama bei iko chini juu mlima haumo mu mafunzo, hiyo bei haiko chini. Umelipia kitu ambacho kimekatwa sehemu ile utakayoihitaji siku ya kwanza ukitoka nyumbani.

Kuko na jambo lingine lililonikaa moyoni. Ile gari haikuwa na pedali za monitere, kwa hiyo kila akiona hatari anashika volani. Hata pale hapakuwa na hatari anashika. Mkono wake ulikuwa tayari kila wakati, na mimi mwili wangu ukazoea kumngojea, nikifika kwenye kona nalegeza mikono bila kujua juu najua atavuta yeye. Saa zote nilizoendesha hivyo siwezi kusema niliendesha. Tuliendesha wawili.

Nyumbani nilipoleta hayo maneno Mama hakutaka kusikia. "Pesa ya mtu haichezewi hivyo. Maliza, chukua breve yako, mengine yaya yako, mkubwa wako, atakuonyesha." Na hapo Mama alikuwa na haki yake, juu yeye njo alitoa sehemu kubwa ya ile pesa, na breve unaihitaji kweli, bila hiyo huendi kuomba permi (leseni). Nikampigia yaya. Yeye anaendesha Fuso ya mizigo barabara ya Uvira, anapita Ngomo mara kwa mara, na wale wanaojua ile mipando ya Ngomo kati ya Nyangezi na Kamanyola wanajua ni barabara ya namna gani, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Dada, Ngomo haitakuuliza breve." Kisha akaniambia fanya hivi: nenda usimame penye mlima unaanza, asubuhi, uangalie gari za otoekole zinavyopita, uone nani anapandisha, ni mwanafunzi ama ni monitere. Usiulize bei kwanza. Angalia.

Nikaenda. Nilisimama pale asubuhi kadhaa, kando ya mama mmoja anayeuza mikate na chai, tukazoeana hata akawa ananiwekea kiti. Gari nyingine zilikuwa zinafanya kama yetu, wanasimama chini, watu wanabadilishana. Nyingine hazikuja kabisa upande ule. Halafu nikaona moja, imeandikwa otoekole juu ya paa, ikasimama katikati ya mlima kwa makusudi, ikakaa, ikatetemeka kidogo, ikaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Mbele kidogo ikasimama tena. Mwenye kuendesha alikuwa mama wa umri wa Mama yangu, kitambaa kichwani, macho mbele, na monitere kando yake ameweka mikono juu ya magoti. Ile mikono juu ya magoti njo ilinimaliza. Nikapanda mlima kwa miguu nyuma yao mpaka juu walipopaki, nikawasalimia, nikamuomba yule mama anieleze, na hakuninyima: wanafunzi ni wawili mu gari si zaidi, gari iko na ambreyaje na freni (breki) upande wa monitere, volani iko kushoto.

Hapo kwenye volani nikae kidogo, juu watu wengi wanadharau hili jambo. Kongo tunaendesha upande wa kuume. Lakini gari nyingi za huku mashariki zimetoka Japani zikipitia Mombasa ama Dar es Salaam, na Japani wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo volani zao ziko kulia. Ukikaa kulia mu nchi inayoendesha kulia unakaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori na unataka kulipita huoni kinachokuja mpaka utoe karibu gari nzima, njo maana shoferi wenye uzoefu wanamuuliza aliyekaa kushoto, "Kuko kitu?" na wanangoja jibu. Na zile Hiace za taksibisi zilizotengenezwa kwa Japani, mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa hiyo kwetu unafungukia katikati ya barabara, mama anashuka na mtoto mgongoni penye pikipiki zinapita. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa hivyo vyote. Gari yetu ya nyumbani yenyewe ni volani kulia, kwa hiyo siwezi kusema zitupwe. Ninachosema ni kwamba kuanzia na volani ya kushoto kunakupa picha ya barabara yako vile ilivyo, unajua uko wapi mu njia, na baadaye ukihamia kulia unajua nini kimebadilika. Kule kwa kwanza tulianza kulia na hakuna aliyetuambia hata neno kuhusu hiyo tofauti.

Kutoka sikutoka kimyakimya. Kwetu haifai, na nawaomba wote wanaotaka kuhama wasiache tu kuja halafu wazime simu. Nilienda na baba mdogo, tukakaa ofisini kwa papa mwenye shule, baba mdogo akaanza na salamu na habari za familia kama inavyotakiwa, halafu mimi nikasema, "Papa, nashukuru kwa yote mlinifundisha. Naomba niishie hapa, juu nataka kujifunza mlima na hapa sijaupata." Uso ulibadilika. Akauliza kama monitere alinitukana, nikasema hapana, hakunikosea heshima hata siku moja. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema gari anayo moja, ikikufa shule imekufa, na watu wa Bukavu hawataki kulipa zaidi. Niliguswa, siongopi. Kuendesha otoekole mu huu mji si kazi nyepesi. Pesa ya saa zilizobaki alikataa kurudisha, baba mdogo alijaribu, akakataa kabisa. Lakini alikubali kitu kimoja ambacho nakiona kina thamani kuliko vile nilivyofikiri siku ile: aliniandikia karatasi, na tampo (muhuri) ya shule, kwamba nilimaliza kodi yote na nimeendesha saa fulani. Kama unahama omba hiyo karatasi. Iombe kabla hamjaanza kubishana juu ya pesa, juu pesa ikishawagombanisha hakuna atakayekuandikia kitu.

Ile karatasi njo iliniokolea sehemu ya pesa kule kwa pili. Walinipa maswali ya kodi siku ileile, nikajibu vizuri kwa sababu ya yule mwalimu wa vifuniko vya chupa, wakaniondolea darasa lote la kodi, nikalipa saa za gari peke yake. Za kuendesha hawakuzihesabu. Mzee monitere alinipeleka mzunguko mmoja, akaniambia kwa upole, "Mikono yako inangojea mtu. Tutaanza chini." Nilisikia uchungu kidogo ila alikuwa amesema kweli.

Sasa mlima. Somo la kwanza la mlima alinipeleka Muhumba asubuhi mapema penye njia haina watu wengi, akanisimamisha kwenye mpando, akafungua madirisha yote na kuniambia nisiguse mafuta kabisa. Mguu wa kuume juu ya freni, wa kushoto juu ya ambreyaje, vitesi ya kwanza, halafu niachilie ambreyaje polepole sana nikisikiliza tu. Kuko pahali sauti ya motere (injini) inashuka, inakuwa nzito, na pua ya gari inajiinua kidogo mbele yako. Hapo simama. Usiendelee, usirudi. Hapo motere imeshika magurudumu. Kanyaga tena mpaka chini, anza upya. Tulifanya hivyo tu, hatukuenda popote, gari imesimama mahali pamoja, mpaka mguu wangu ukajua pale pahali bila mimi kufikiri. Ndiyo akaleta freni ya mkono: vuta, tafuta ile sauti, ongeza mafuta kidogo, sikia gari inataka kuondoka, achilia freni ya mkono. Na ikaondoka. Niliipandisha mwenyewe, mikono yake iko juu ya magoti.

Baadaye alinifanyia kitu ambacho sijaona kwingine. Akatoa mu buti ya gari bidoni (dumu) tupu ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia, akaiweka nyuma ya gari karibu kabisa na bampa, akarudi kukaa. "Hiyo ni motari," akasema. Mnawajua wamotari wetu, ukisimama mlimani anakuja kukugusa nyuma kabisa hata miguu yake huioni. Ukirudi nyuma hata kidogo bidoni inalia, kraa, na unasikia tumboni kwamba huyo alikuwa mtu. Siku za kwanza ililia. Siku ilipokaa kimya asubuhi nzima tulihamia barabara yenye wamotari wa kweli.

Kushuka nako ni somo, na kule kwa kwanza kushuka kulikuwa ni kukanyaga freni basi. Mzee alinifundisha vile mashoferi wa malori wanasema, vitesi ambayo ungepandia ule mlima njo ya kushukia, motere yenyewe inaizuia gari na freni inabaki ya kusaidia. Ukishuka umekanyaga freni tu inachemka, unasikia harufu, halafu inaanza kukukatalia. Na naomba hapa mnisikie vizuri, kuko watu wanazima motere kabisa kwenye mteremko ili wapunguze matumizi ya esanse (petroli). Motere ikizimwa, ule msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara chache, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na volani inakuwa nzito. Pesa unayookoa pale ni ndogo sana. Yaya ananiambia Ngomo wanayajua hayo. Na ukipaki mlimani, acha mu vitesi, geuza magurudumu ili gari ikijiendea iishie kwenye ukingo, weka jiwe, hata kama freni ya mkono ni mpya.

Wote hawana lazima ya kuhama, nisieleweke vibaya. Kati ya wale watatu niliowaacha, mmoja alinifuata. Mwingine alibaki, amepata breve, anaenda kufanya kazi mahali pa tambarare na gari yake ni otomatiki, kwake ile bei ya chini ilikuwa sawa kabisa na nilimpongeza kwa moyo. Wa tatu anataka kuhama ila alilipa yote siku ya kwanza, na huyo njo ananiumiza, juu hana nguvu ya kudai wala ya kuondoka. Kwa hiyo mkienda kuandikishwa msitoe yote. Toeni sehemu, na kabla ya sehemu ya pili waulizeni mlima tutaupandisha wapi, tuko wangapi mu gari, monitere ana pedali zake ama ana mkono tu. Mtu akikasirika juu ya maswali hayo umeshapata jibu. Na kumbukeni permi yenyewe haitoki otoekole, inatoka serikalini, kwa CONADEP, tume ya taifa ya kutoa permi, na uwe umefikisha miaka 18. Otoekole inakupa breve na kile kilichoingia mu miguu yako.

Mimi bado niko na kazi ya kurudi nyuma kwenye mteremko usiku, hiyo haijakaa sawa, tuna saa za kuimaliza kabla sijapeleka dosie (faili) ya permi. Mama sasa anakaa mbele nikiendesha ile ya nyumbani, yeye njo ananiangalilia upande wa kushoto tukiwa nyuma ya lori.

Kama uko Bukavu na unawaza kuhama, niandikie, nitakuelekeza pale pa kusimama kuangalia gari. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, juu baadaye taksi zinajaa na otoekole zinakimbilia penye nafasi, mwambie mama wa chai ni mimi nimekutuma, na uvae viatu vizuri vya kutembea, juu ukiona mwanafunzi anapandisha mwenyewe itabidi umfuate mpaka juu.